Wiki sita kwenye kozi ya kubuni masomo, na swali la mwalimu wa Chake Chake

"Mwalimu, ulipolikata lile chungwa la pili, watoto walikuwa wanatazama vipande au walikuwa wanatazama kisu?"

Swali hili niliandikiwa, kwenye kozi ya walimu ya mtandaoni, na mwalimu wa Chake Chake, Pemba, ambaye mpaka leo hatujaonana uso kwa uso. Alikuwa amesoma tafakuri yangu ya kurasa mbili kuhusu kipindi cha sehemu (nusu, theluthi na kadhalika) nilichofundisha darasa la tano. Mimi nafundisha Hisabati katika shule ya msingi wilayani Muheza, na huku kwetu msimu ukifika hakuna zana rahisi kuliko chungwa. Nililikata la kwanza vipande viwili, la pili vipande vitatu, nikaandika ubaoni 1/2 + 1/3. Watoto 31 kati ya 49 waliokuwepo siku ile waliandika 2/5. Kwenye tafakuri nikaeleza kwamba hawajashika vizuri Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, na kwamba somo litarudiwa.

Niliposoma swali lile nilikaa kimya muda mrefu. Nilikumbuka kisu. Chungwa kulikata vipande viwili ni kazi ya sekunde moja, lakini kulikata vipande vitatu vilivyo sawa ni shida kwa mtu yeyote, na mimi nilikosea. Kipande kimoja kilikuwa kikubwa waziwazi. Nakumbuka mtoto wa dawati la mbele alisema, "Hicho kikubwa!" na wenzake wakacheka, nami nikawatuliza tuendelee. Kwa hiyo mbele ya macho yao sehemu haikuwa kitu kilichogawanywa sawasawa. Ilikuwa vipande tu. Kipande kimoja kati ya viwili, kingine kati ya vitatu, jumla vipande viwili kati ya vitano. Walihesabu kwa usahihi kabisa kile nilichowaonyesha. KDS haikuwa na kosa lolote.

Nimefundisha miaka kumi na moja na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Ndiyo maana nimekaa kuandika maoni haya kuhusu kozi yenyewe, kwa faida ya walimu wanaofikiria kujiunga na kozi kama hii.

Ni kozi ya mtandaoni ya wiki sita, kwa Kiswahili, inayofundisha walimu wa shule za msingi namna ya kubuni masomo. Jina la waandaaji siliweki hapa. Kundi letu lilikuwa la walimu 27 tu, na kwa kuwa nitaeleza kazi za wenzangu sitaki mtu atambulike. Kusoma ni bure, cheti kinalipiwa. Naipa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za zoezi moja: kila baada ya muda unaandika tafakuri kuhusu kipindi ulichobuni na kukifundisha, kisha unasoma tafakuri za wenzako watatu na kuwapa mrejesho.

Wiki mbili za mwanzo sitazisemea sana. Unafundishwa kuanza kupanga somo kutoka mwisho kurudi mwanzo, njia iliyoenezwa na Grant Wiggins na Jay McTighe wa Marekani tangu 1998: kwanza unaamua mwanafunzi atoke na nini, pili utajuaje kwamba amekipata, na shughuli za darasani zinakuja mwisho. Ni elimu nzuri, lakini video ni ndefu na mtoa mada anasoma yale yale yaliyoandikwa kwenye skrini. Pakua maandishi, uyasome jioni, uokoe bando lako.

Wiki ya tatu ndiyo mambo yanaanza. Hapo wanakuletea mzunguko wa tafakuri wa Graham Gibbs, wa 1988, wenye hatua sita: kilichotokea, ulivyojisikia, kipi kilikuwa kizuri na kipi kibaya, kwa nini ikawa hivyo, unahitimisha nini, na safari ijayo utafanya nini. Sisi walimu wa Tanzania neno tafakuri si geni kwetu. Kwenye andalio la somo tuliloandika miaka mingi tulikuwa na hatua ya tafakuri, na chini kabisa tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Lakini tuseme ukweli jinsi tulivyokuwa tunazijaza. "Wanafunzi wengi wameelewa somo. Wachache watasaidiwa." Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu, na nyingine nimeziandika kabla kipindi hakijaanza, kwa sababu mthibiti ubora akija anatazama kama nafasi imejazwa. Katika mzunguko wa Gibbs sentensi hiyo haina pa kukaa, maana swali la nne, lile la kwa nini, linaifukuza.

Sasa, namna zoezi lenyewe linavyofanya kazi. Kozi inaendeshwa kwenye Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo toleo lake 1.0 lilitoka 2002 na leo inatumika vyuoni duniani kote. Ndani yake kuna kipengele kinachoitwa Warsha. Kinakwenda kwa awamu: kwanza kila mtu anawasilisha kazi yake, halafu mlango unafungwa, mfumo unagawa kazi kwa bahati nasibu, kila mtu anatathmini alizopewa, na baada ya hapo ndipo matokeo yanafunguliwa. Uzuri wake ni kwamba huwezi kuchagua kumsoma rafiki yako. Mimi niliangukiwa na mwalimu wa Sayansi wa Kasulu, mwalimu wa Gredi ya 4 wa Kwale, Kenya, na mwalimu mkuu mmoja wa mkoa wa Dodoma.

Nianze na Kasulu, kwa sababu hapo nilijifunza kwa uchungu. Alikuwa amefundisha sakiti rahisi ya umeme kwa darasa la sita lenye wanafunzi 94: betri, waya na balbu, seti tatu, vikundi vitatu. Aliandika kwamba wanafunzi walishiriki kikamilifu. Mrejesho wangu wa kwanza, ule wa raundi ya mazoezi, ulikuwa mistari miwili: "Hongera mwalimu kwa kazi nzuri. Jitahidi kuongeza zana ili wanafunzi wote washiriki."

Akanijibu kwa heshima zote kwamba anashukuru, ila hizo betri na balbu alizinunua kwa fedha zake mwenyewe, na seti ya tatu aliikopa kwa fundi redio.

Niliona aibu. Nilikuwa nimemwambia mtu aliyejinyima kwamba hajajitahidi. Na lile neno "hongera" nililolitanguliza halikumponya, kwa sababu halikuwa hongera ya kitu chochote alichokifanya. Lilikuwa la kufungulia mlango tu.

Baada ya raundi hiyo kozi ikatufundisha ngazi ya mrejesho, iliyobuniwa na David Perkins wa Project Zero, kituo cha utafiti wa elimu cha Chuo Kikuu cha Harvard. Ina vidato vinne na unapanda kwa mpangilio: unauliza ili uelewe, unathamini, unaeleza kinachokutia wasiwasi, mwisho unapendekeza. Kuuliza kunatangulia hata kusifu. Mwanzoni niliona ni kinyume na adabu zetu, maana sisi tunaanza na salamu na neno jema. Lakini baada ya yale ya Kasulu nilielewa. Usipouliza kwanza, hata sifa yako inakuwa ya kubahatisha.

Nikarudi kwake upya. Niliandika hivi, nanakili kama ilivyo:

"Mwalimu, habari za kazi. Naomba kuelewa: katika kikundi cha watu thelathini, nani alishika waya, na wengine mikono yao ilikuwa inafanya nini wakati huo? Nimependa ulivyomwacha yule msichana akosee kuunganisha mpaka akagundua mwenyewe. Umeandika kwamba ulihesabu kimya moyoni ili usimsaidie, na hiyo nitaiiga. Wasiwasi wangu ni kwamba tafakuri yako inasema wote walishiriki, lakini mifano yote uliyotoa ni ya watoto wawili. Je, kabla ya kuunganisha, kila mtoto angechora sakiti kwenye daftari lake na kuandika balbu itawaka au haitawaka? Hapo seti tatu zingetosha, kwa sababu watoto 94 wangekuwa wanasubiri kuona kama wamepatia."

Ilinichukua saa nzima kuiandika. Lakini alilifundisha somo lile tena kwa mkondo mwingine, na tafakuri yake ya pili ilikuwa na majina ya watoto tisa, kila mmoja na alichodhani kabla balbu haijawaka. Kati yao mmoja alichora waya mmoja tu kutoka betri hadi balbu, akasema umeme ukishafika hauhitaji njia ya kurudi. Hilo ni wazo ambalo walimu wa Sayansi wanalijua vizuri, na lilikuwa limejificha ndani ya "walishiriki kikamilifu".

Kazi ya mwalimu wa Kwale ilikuwa ya namna nyingine. Alifundisha kusimulia hadithi, na mtoto mmoja alisimama mbele akashindwa kutamka neno lolote hadi akaketi. Kurasa zote mbili zilikuwa za huzuni ya mwalimu: ameshindwa, hafai, pengine alimdhalilisha mtoto. Moyo wangu wa kwanza ulitaka kumfariji tu, nimwambie asijali. Nikaona kufariji peke yake kungemwacha palepale alipo, kwenye hatua ya pili ya Gibbs, ile ya ulivyojisikia. Nilimuuliza mwalimu: mtoto huyo akiwa amekaa na mwenzake, huwa anazungumza? Alinijibu kwamba huongea sana, tena ndiye anayewachekesha wenzake wakati wa mapumziko. Mimi sikuwa na zaidi la kuongeza. Jibu lake mwenyewe lilimpeleka kwenye kubadilisha mpango: hadithi isimuliwe kwanza kwa jirani, kisha kwa watu wanne, na kusimama mbele kuwe kwa anayependa.

Wa tatu, mwalimu mkuu, alinipa mtihani wa umri. Tafakuri yake ilikuwa safi na imepangwa, haina kosa la herufi, na ndani yake hakuna tatizo hata moja. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Majina yetu yanaonekana, na yeye ni mtu wa kumwamkia. Nilianza na shikamoo, nikaomba ruhusa, nikamuuliza ni dakika gani ya kipindi ambayo angependa kuirudia kama angepewa nafasi. Hakujibu. Raundi iliyofuata tafakuri yake ilikuwa vilevile. Najua wapo watakaosema majina yafichwe ili watu waandike kwa uhuru, na Warsha inaweza kupangwa hivyo. Mimi napendelea yaonekane. Nisingejua kwamba yule wa Kwale ni mwanamke kijana aliye mwaka wa kwanza kazini ningemwandikia kwa ukali zaidi kuliko alivyostahili. Ila ni kweli kwamba heshima yetu kwa wakubwa inahitaji msaada ambao kozi haikuutoa. Mwezeshaji angeandika tafakuri yake mwenyewe kuhusu somo lililomshinda, akairuhusu tuikosoe wote, wakubwa wangeona kwamba kukiri hakuvunji heshima ya mtu. Wawezeshaji wetu hawakuandika hata moja.

Nije kwenye nyota niliyoipunguza.

Mrejesho wetu uliambatanishwa na alama. Kwenye Warsha, mpangilio wa kawaida ni alama 80 za kazi uliyowasilisha na 20 za namna ulivyotathmini wenzako, na kozi iliuacha hivyohivyo. Hizo 20 zinasikika vizuri, unadhani zinapima ubora wa ulichoandika. Sivyo. Mfumo unalinganisha alama ulizotoa na alama walizotoa wengine kwa kazi hiyohiyo. Ukiwa karibu na wenzako unapata nyingi, ukiwa mbali unapungukiwa. Maneno yako hayasomwi. Mwalimu aliyeandika "Nzuri sana" na kutoa 9 kama wenzake alipata zaidi kuliko aliyekaa saa nzima akaandika aya tatu na kutoa 6. Watu waliligundua hilo haraka. Kufikia raundi ya tatu, kati ya mirejesho mitatu niliyopewa, miwili ilikuwa na maneno yanayofanana kabisa: "Kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Walioandika sina kinyongo nao. Walikuwa wamechoka, shule zilikuwa kwenye mitihani, na mfumo ulikuwa umewaambia kwamba inatosha.

Waandaaji walikuwa na njia nyingine mkononi. Warsha hiyohiyo ina mpangilio wa maoni tu, usiotoa namba. Na sababu ya kuuchagua imejulikana zamani. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa Israel: waliopewa maoni bila alama waliendelea kufanya vizuri na kupenda kazi, waliopewa alama pekee hawakufaidika hivyo, na waliopewa maoni pamoja na alama walifanana na wale wa alama pekee. Alama inayameza maoni. Sihitaji kwenda Israel kulithibitisha. Ukirudisha daftari la Hisabati lenye 4/10 na maelezo mazuri chini yake, mtoto anatazama 4, anatazama ya jirani, anafunga daftari. Nami nilifanya vivyo hivyo. Raundi ya pili nilipata 71, na nakiri nilizunguka siku mbili nikiwaza nani kaniangusha kabla sijarudi kusoma lile swali la kisu. Lingeweza kunipita. Swali lenye thamani kuliko kozi nzima lilikuwa limekaa chini ya namba.

Kama waandaaji watasoma hapa, ombi langu ni hilo moja: ondoeni namba kwenye tafakuri. Mtu anayejua atapigiwa alama hataandika mahali alipokosea, ataandika kama alivyoandika yule mwalimu mkuu wa Dodoma.

Jingine dogo: tulikuwa tunasoma tafakuri bila kuona andalio la somo lenyewe. Wa Kasulu alinitumia picha ya andalio lake kando, kwa hiari yake, na mrejesho wangu ukawa bora mara dufu. Kungekuwa na sharti la kuambatanisha picha moja ya andalio na moja ya ubao au daftari la mtoto bila jina, tungeacha kukisia.

Kwa upande wa vitendea kazi, simu inatosha, ila kuandika mrejesho mrefu kwa kidole gumba kunachosha. Mimi nilikuwa naandika kwanza kwenye daftari, nikirudia hadi nitakaporidhika, halafu naingiza. Imenisaidia pia kutuma neno lililopoa badala ya la moto. Muda wa mwisho ni Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku, saa ambayo mtandao wa kwetu unategemea mvua, wasilisheni Jumamosi.

Nani ajiunge? Mwalimu aliye na darasa sasa hivi, maana bila kipindi halisi cha wiki hii huna cha kutafakari na utatunga. Mkiweza jiungeni wawili kutoka shule moja. Anayetafuta cheti cha kuweka kwenye faili atakipata kwa urahisi kwa kuandika "Nzuri sana" wiki zote sita, na sitamzuia, ila atakuwa amewanyima wenzake watatu kila raundi kitu walichokihitaji.

Mimi ngazi ile ya mrejesho nimeipeleka kwenye jumuiya ya kujifunza ya shuleni kwetu, ile tunayokaa chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Zamani vikao vyetu mtu alikuwa anaeleza mada, tunapiga makofi, tunasaini. Sasa mmoja analeta ukurasa mmoja wa kipindi kilichomsumbua, na kwa dakika kumi za kwanza hairuhusiwi kusema chochote isipokuwa swali. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Kuna mwalimu alianza maswali yote kwa "Kwa nini hukufanya", na hayo si maswali. Cha tatu kilikwenda vizuri, tukachelewa kutoka.

Na somo la sehemu nimelirudia. Machungwa niliyaacha, nikakata karatasi za madaftari ya zamani kuwa mikanda ya urefu mmoja, kila mtoto na mkanda wake, tukazikunja sehemu sita. Nusu ikawa mikunjo mitatu, theluthi ikawa miwili. Mtoto yule wa dawati la mbele ndiye aliyeinua mkono kwanza akasema ni tano juu ya sita, kwa sababu sasa vyote viko sawa. Nilimpiga picha mkanda wake, nikamtumia mwalimu wa Chake Chake. Alichonijibu ni swali lingine: watoto wale 31, wangapi wangekunja sita bila wewe kuwaambia sita? Jumatatu ijayo nakwenda kuwapa mikanda bila kuwaambia wakunje mara ngapi.